Nchi za Watu: Utangulizi wa Elimu ya Kupima Mapenzi ya Mbali

Bibi alikuwa amekalia mbuzi anakuna nazi, nami nimekaa mkekani mbele yake, karatasi magotini. Ilikuwa Pangani, saa nne asubuhi, na mimi mwanafunzi wa chuo niliyetumwa na mwalimu wangu kulijaribu dodoso kabla halijachapwa kwa wingi. Ukurasa wa tatu ulikuwa na picha ya kipimajoto: sifuri chini, hamsini katikati, mia juu. Kazi yangu ilikuwa kumtajia nchi moja baada ya nyingine, na yake kunipa digrii. Nchi unayoipenda, panda kuelekea mia; usiyoitaka, shuka kuelekea sifuri; ukiwa huna hili wala lile, baki hamsini. Nikaanza na India. Mkono wake ukasimama.

"Mia si maji yanachemka hayo?"

Nikamwambia ndiyo, bibi, lakini hapa ni mfano tu.

"Mtu nimpende, kisha nimchemshe?" Akacheka, akaendelea kukuna. "Haya, India iweke hapo katikati, isiungue."

Kwa miaka mingi niliwasimulia wanafunzi kisa hiki kama kichekesho cha kufungulia somo. Siku hizi nakisimulia kama somo lenyewe. Bibi yule, bila kuacha nazi yake, alikuwa ameligusa tatizo ambalo wataalamu wa fani hii wanalizunguka hadi leo: kabla hujapima mapenzi ya watu kwa nchi za mbali, jiulize mapenzi yenyewe wanayasemaje. Kiswahili hakipendi kwa joto. Moyo ukipata raha tunasema umeburudika, na burudani na baridi ni ndugu wa mzizi mmoja wa Kiarabu. Mwenye hasira amewaka, na jamaa zake humwomba apoe. Joto la siasa likipanda, wenye maduka hufunga mapema. Mapenzi motomoto tunayo, sikatai, lakini hayo ni ya vijana na nyimbo zao. Sijasikia mtu akiyaelekeza kwa Ubelgiji.

Fani ninayokukaribisha inachunguza jinsi watu wa kawaida wanavyoziona nchi wasizoishi: wanaipenda ipi, wanaiogopa ipi, wanadhani ipi ni ya kuigwa, na kwa nini hisia hizo hupanda na kushuka. Wanaoifanya ni wanasayansi ya siasa, wanasaikolojia, watu wa takwimu na, kwa kiasi kikubwa kuliko wanavyokiri, wafasiri. Mimi huiita elimu ya nchi za watu. Msemo huo kila Mswahili anaujua. Kijana akisafiri anaambiwa na mama yake, angalia, huko ni nchi za watu. Maana yake: zina wenyewe, wana taratibu zao, na wewe ni mgeni tu.

Kipimajoto kile cha Pangani kilikuwa kimesafiri mbali. Watafiti wa uchaguzi nchini Marekani walianza kukitumia mwaka 1964 kupima hisia kwa wanasiasa na makundi ya jamii, na kuanzia miaka ya 1970 baraza moja la mambo ya nje lenye makao yake Chicago likakigeuza kuelekea mataifa. Katika matokeo yake Kanada hukaa juu na Korea Kaskazini chini, na kati yao nchi nyingine hupishana kama madaladala. George Gallup, aliyeanzisha taasisi yake ya maoni mwaka 1935, aliacha shirika lililozoea kuuliza kwa namna nyingine: una maoni mazuri au mabaya kuhusu nchi fulani? Kituo cha Pew, kilichoingia katika kazi hii ya kimataifa mwaka 2002 kwa utafiti wa nchi 44, kinauliza vivyo hivyo. Maneno ni mazuri na mabaya, hakuna joto wala baridi, na kwa mfasiri wa Kiswahili hiyo ni nafuu.

Iko njia ya tatu, na sifichi kwamba ndiyo ninayoipenda. Mwaka 1925 Emory Bogardus, mwanasosholojia wa California, alitunga kipimo cha umbali wa kijamii. Hakuuliza unampenda nani. Aliuliza ungemruhusu mtu wa taifa fulani afike wapi: awe mkweo, awe rafiki wa chama chako, jirani wa mtaa wako, mfanyakazi mwenzako, raia wa nchi yako, mgeni wa kupita, au asiingie kabisa. Ni ngazi ya vipawa saba, na kila mtu anajua yeye binafsi husimama kwenye kipawa gani. Ukimuuliza mzee wa Pwani anawaonaje watu fulani, atakujibu kwa heshima kwamba wote ni viumbe wa Mungu. Muulize kama angemwoza binti yake huko, ndipo utasikia habari.

Serikali ya Japani nayo, tangu mwaka 1978, imekuwa ikiwauliza raia wake kama wanahisi ukaribu na nchi kadhaa, na neno inalotumia ni lile la ukaribu wa watu waliozoeana. Msomaji wa Kiswahili hahitaji kufafanuliwa hilo. Sisi mgeni tunampokea kwa kumwambia asogee: karibu. Laiti dodoso langu la Pangani lingetoka Tokyo badala ya Chicago, bibi asingecheka.

Nikae kidogo hapo Japani, kwa sababu mfululizo wake ni mrefu na swali lake halikuchezewa. Mwaka 1980 Wajapani asilimia 78.6 walisema wanahisi ukaribu na China. Namba hiyo humshangaza kila mwanafunzi ninayemwonyesha, maana anaijua China na Japani za leo. Lakini mapatano ya amani na urafiki yalikuwa yametiwa saini mwaka 1978, panda wa Kichina walikuwa kivutio katika bustani ya Ueno tangu 1972, na mwaka huohuo wa 1980 televisheni ya taifa ilianza kuonyesha kipindi kirefu kuhusu Njia ya Hariri ambacho familia nzima zilikaa kukitazama. China ilikuwa nchi ya misafara ya ngamia, maandiko ya kale na panda. Kisha ikaja Juni 1989 na vifaru vya Tiananmen. Asilimia 68.5 ya mwaka uliotangulia ikashuka hadi 51.6. Marekani, Gallup ilikuwa imepata asilimia 72 wenye maoni mazuri kuhusu China mapema mwaka ule; Agosti walibaki 34. Tukio ni moja na picha ni zilezile kwenye runinga, lakini Wamarekani walianguka pointi 38, Wajapani 17. Nadhani, na hili ni langu, kwamba Mjapani alikuwa na China nyingi kichwani, ya hati, ya chakula, ya vita, ya panda, na moja ilipochafuka zilibaki nyingine za kushikilia. Mmarekani alikuwa na moja tu.

Hata hizo nyingi zilikuja kuisha. Septemba 2010 meli ya uvuvi ya Kichina iligongana na meli za walinzi wa pwani wa Japani karibu na visiwa ambavyo Wajapani huviita Senkaku na Wachina Diaoyu. Mwaka uliotangulia asilimia 38.5 walihisi ukaribu. Mwaka ule wakawa 20 kamili. Mwaka 2012 serikali ya Japani ikavinunua baadhi ya visiwa hivyo kutoka kwa mwenye hati, maandamano yakazuka katika miji ya China, na ukaribu ukashuka tena hadi 18. Visiwa vyenyewe havina mkazi.

Linganisha na Ufaransa machoni pa Wamarekani. Februari 2002, asilimia 79 wenye maoni mazuri. Februari 2003, wakati Ufaransa ikiipinga vita ya Iraki, asilimia 59. Machi, vita ikianza, 34. Ndani ya mwezi mmoja, robo ya taifa zima ilibadili mawazo kuhusu nchi ambayo haikuwa imefanya jambo jipya zaidi ya kukataa. Kantini za Baraza la Wawakilishi kule Washington zikafuta neno Kifaransa kwenye chipsi na kuziita chipsi za uhuru. Miaka michache baadaye namba ilikuwa imepanda, na chipsi zimerudishiwa jina lake. Ugomvi ule ulikuwa wa serikali mbili, na serikali huondoka. Visiwa havikuondoka popote, navyo bado vinadaiwa. Ukiona nchi imeporomoka katika maoni ya watu, uliza kwanza kama kilichoiangusha kingali pale.

Wazo kwamba mapenzi huwafuata wakubwa badala ya kuwatangulia si geni. Mwaka 1948 UNESCO iligharimia utafiti katika nchi tisa, nyingi zikiwa ndiyo kwanza zinafukia mahandaki ya vita. William Buchanan na Hadley Cantril waliuandika katika kitabu kilichotoka mwaka 1953. Wahojiwa walipewa orodha ya sifa, wenye bidii, wakatili, wenye akili, na kadhalika, wachague zipi ni za Warusi, zipi za Wamarekani, zipi zao wenyewe. Kila taifa lilijipaka mafuta. Kwa wengine, waandishi waliona kwamba sifa mbaya haziwi chanzo cha uadui. Uadui wa mataifa huanza, kisha watu hutafuta sifa za kuuvika. Warusi walikuwa mashujaa kwa Wamarekani miaka michache tu kabla, wakati wa vita dhidi ya Hitler.

Sasa nikuonyeshe mitego, maana wengi huingia katika fani hii wakidhani namba ni namba. Eugene Hartley, katika kitabu cha mwaka 1946, alieleza jinsi alivyowapa wanafunzi wa vyuo vya Marekani orodha ndefu ya mataifa na jamii kwa kipimo kile cha Bogardus. Ndani ya orodha alichomeka majina matatu aliyoyabuni mwenyewe, kama vile Wapirenea na Wawalonia, watu wasiokuwepo duniani kwa namna alivyowataja. Wanafunzi wengi waliwapima bila kusita, na wale waliowakataa Wayahudi, Weusi na Waturuki ndio waliokuwa wepesi kuwakataa na hao wa kubuni. Nimerudia zoezi hilo darasani, kwa mzaha zaidi kuliko kwa utafiti. Mikono hunyooshwa.

Miaka miwili baadaye Hyman na Sheatsley waliwauliza Wamarekani kama waandishi wa habari wa Kikomunisti waruhusiwe kuingia Marekani na kuripoti watakavyo. Swali lilipoulizwa la kwanza, asilimia 36 walikubali. Lilipotanguliwa na jingine, kwamba je, Urusi iwaruhusu waandishi wa Kimarekani, waliokubali wakawa 73. Taifa ni lilelile na swali ni lilelile. Kilichobadilika ni mpangilio. Aliyekwisha kusema wenzake wamfungulie mlango huona haya kuufunga wake. Kwa hiyo ukisoma gazetini kwamba nusu ya wananchi wanaichukia nchi fulani, tafuta walikuwa wameulizwa nini dakika moja kabla. Japani yenyewe, kwa umakini wake wote, ilipohama mwaka 2020 kutoka kuwatembelea watu nyumbani hadi kuwatumia maswali kwa posta, ilikata uzi wake. Mtu aliye peke yake na kalamu hajibu kama mtu aliyemwekea mgeni chai.

Huku kwetu mtego mkubwa umo ndani ya neno nchi. Kiingereza cha dodoso hutaja jina la nchi basi, kana kwamba kila mtu anaona kitu kimoja. Nilipofika China kwenye orodha yangu, bibi wa Pangani aliniuliza: "China ipi?" Ile iliyojenga reli ya TAZARA enzi za Mwalimu, au ile ya simu zinazokufa kabla ya mwezi? Hakuwa anabishana. Katika Kiswahili cha mitaani, kusema kitu ni cha Kichina ni kukishusha, na msemaji huyohuyo atakuambia kwa dhati kwamba Wachina ni marafiki wa kweli waliotujengea kilomita 1,860 za reli wakati wengine walitukatalia. Nilipofika Oman jibu halikuwa nchi hata kidogo. Lilikuwa shangazi yake aliyekuwa Maskati, kwamba hakuandika tangu mfungo wa mwaka juzi, na kwamba mwenye kumpa digrii ni Mungu.

Afrobarometer, iliyoanza kazi mwaka 1999 na sasa inahoji watu katika nchi zaidi ya thelathini za Afrika, imelikwepa hilo kwa busara. Haiulizi sana unampenda nani. Inauliza ushawishi wa nchi fulani kwako ni mzuri au mbaya, na nchi ipi ni mfano bora wa maendeleo. Katika duru ya 2014 na 2015, nchi 36, asilimia 63 waliuona ushawishi wa China kuwa mzuri. Lakini kwa mfano wa kuigwa, Marekani ilipata 30 na China 24. Wachambuzi wa nje hutaka kuona mshindi na mshindwa hapo. Mimi naona watu wenye akili ya dukani, wanaojua kwamba anayekukopesha na unayetamani kufanana naye si lazima wawe mtu mmoja.

Afrobarometer pia ina swali moja la mwisho ambalo kwangu lina thamani kuliko kurasa nyingi zilizotangulia: unadhani nani ametutuma kukuhoji? Mhojaji amekwisha kujitambulisha mwanzoni kwamba hatoki serikalini. Hata hivyo wengi hujibu, serikali. Fikiria basi jibu la mtu huyo kuhusu nchi rafiki ambayo rais ametoka kuitembelea. Amejibu, lakini amemjibu nani?

Na ziara za wakubwa ni jambo kubwa. Mwaka 2007 Pew ilikuta Watanzania asilimia 46 wana maoni mazuri kuhusu Marekani. Majirani zao Wakenya walikuwa 87, na hapo Obama hajawa rais, kwa hiyo wale wanaoeleza kila kitu kwa Kogelo, kijiji cha baba yake, watafute sababu ya ziada. Waanze na historia, kwa sababu Nairobi na Dar es Salaam zilichagua marafiki tofauti mara tu baada ya uhuru. Februari 2008 George Bush akaja Tanzania kwa siku nne. Alitia saini na Rais Kikwete mkataba wa dola milioni 698 za barabara, umeme na maji, akatembelea hospitali, akatazama vyandarua vikitengenezwa Arusha, na wanawake wakampokea kwa ngoma, wengine wamevaa nguo zilizochapwa sura yake. Wiki chache baadaye Pew ikarudi uwanjani: 65. Pointi kumi na tisa, mruko mkubwa kuliko wa nchi nyingine yoyote mwaka ule. Sisemi ni ziara peke yake. Majira hayohayo redio zetu zilikuwa zimejaa habari za kijana wa baba Mkenya anayegombea tiketi ya chama chake. Lakini mtu aliyepata dawa za kufubaza virusi kwa fedha za Marekani, na wakati ule walikuwa wengi, hakuhitaji redio.

Kuhusu misaada, ushahidi bora umetoka mbali nasi. Indonesia, baada ya Iraki kuvamiwa, wenye maoni mazuri kuhusu Marekani walibaki asilimia 15. Tsunami ya Desemba 2004 ikaja, meli za jeshi la Marekani zikashusha maji na chakula Aceh, na mwaka 2005 wakawa 38. Pakistani, wachumi Tahir Andrabi na Jishnu Das walikwenda vijijini kaskazini mwa nchi miaka minne baada ya tetemeko la 2005, wakapima umbali wa kila nyumba kutoka kwenye ufa wa ardhi. Waliokuwa karibu na ufa, ambako waokoaji wa kigeni walifika kwa miguu yao, waliwaamini wageni zaidi ya waliokuwa mbali. Msaada uliotangazwa ulikuwa uleule kwa wote. Kilichotofautiana ni nani alimwona mgeni kwa macho, akiwa amebeba blanketi.

Ndiyo maana nawaambia wanaoanza: msiibebe asilimia moja pekee kama yai. Itazameni ikitembea mwaka hadi mwaka, swali likiwa lilelile na mhojaji akifika kwa njia ileile. Na msiidharau safu ya mwisho ya jedwali, ile ya sijui, ambayo magazeti huikata ili mchoro upendeze. Sijui ya Kiswahili ina sura nyingi. Iko ya asiyejua kweli. Iko ya adabu, ya mtu asiyetaka kusema baya juu ya watu ambao hawakumkosea. Iko ya tahadhari, inayomaanisha sijui wewe ni nani. Mhojaji mzoefu huzitofautisha kwa sauti, lakini kwenye karatasi zote hupewa namba moja.

Siku ile Pangani tulimaliza karibu na adhana ya adhuhuri. Tui lilikuwa limeshakamuliwa, nami nimejaza nchi zote nane. Nyingi hamsini, maana bibi alikuwa ameamua hakuna wa kuunguzwa. Nikawa nakunja karatasi.

"Na huko," akasema, "sisi wanatupa ngapi?"

Nikafikiri. Orodha zile za Wamarekani nilikuwa nimezisoma. Nikamwambia kweli: huko hatuulizwi, bibi. Tanzania haimo kwenye orodha.

Akalipangusa jino la mbuzi kwa kitambaa, akaikunja, akaiegemeza ukutani. "Basi na mimi niandikie sijui. Zote."

Nikafuta hamsini moja moja. Jioni msimamizi alinikaripia kwa kuharibu dodoso zima.